Flashi Ndogo, Maji Mengi

Nyuma ya nyumba ninayopanga hapa Wabera, Isiolo, kuna pipa la plastiki la lita 200. Siku chache kabla sijashuka pwani humwomba mama mwenye nyumba anikopeshe pipa hilo saa moja tu, alfajiri, kabla watu hawajaanza kuchota. "Haya mwanangu, oshea hiyo kamera yako, lakini sabuni usitie," huniambia. Wala siioshi. Natia kipande cha shashi ndani ya kasha la kamera, kingine kwenye chumba cha betri cha flashi, nafunga vyote, navizamisha na kuvikandamiza kwa tofali. Baada ya nusu saa naipapasa shashi. Ikiwa kavu, safari ipo.

Majirani huuliza flashi ya chini ya maji ni ya kazi gani Isiolo, ambako maji yenyewe hupimwa kwa mtungi. Wana haki ya kuuliza. Ila aliyewahi kuendesha pikipiki usiku kwenye barabara ya vumbi analijua tayari nusu ya somo hili, na nitalirudia.

Kwanza rangi. Maji hula rangi, na huanza na nyekundu. Ukishuka mita 5 nyekundu imefifia sana. Kwenye mita 10 karibu imekwisha, inafuata ya machungwa, kisha njano, hadi dunia nzima inabaki kibuluu na kijani. Mtazame kiti cha pweza mwenye vinundu vyekundu, wale wanaoonekana sana pwani yetu. Akiwa kwenye kina hicho, vinundu vyake ni vya rangi ya tope. Hajabadilika, mwanga unaomfikia ndio uliofika bila wekundu. Mpigie flashi kwa karibu, na wekundu unarudi papo hapo.

Neno lenye uzito hapo ni karibu. Mwanga wa flashi nao hupita majini, tena mara mbili: kwenda kwa samaki na kurudi kwenye lenzi. Samaki akiwa mita 1 mbele yako, mwanga umetembea mita 2. Akiwa mita 2, umetembea 4, na hata bila maji kuula, nguvu inayomfikia ingekuwa robo tu ya ile ya mita 1. Ndiyo maana siwaelewi wanaoanza kazi hii kwa kununua flashi kubwa kuliko zote dukani. Hakuna flashi ya kubeba mkononi itakayokuangazia meli iliyozama kutoka mbali. Kwa kitatange aliye sentimita 60 kutoka kwenye lenzi, flashi ndogo ya kuenea kiganjani inatosha kabisa. Na macho yasikudanganye: kitu kilicho mita 1 huonekana majini kama kiko sentimita 75. Ukidhani umekaribia, sogea tena.

Sasa vumbi. Usiku wa kiangazi, lori likishapita mbele yako na kuliacha vumbi likining'inia, ukiwasha taa kali huoni barabara, unaona ukuta mweupe. Taa yako na macho yako viko mahali pamoja, kwa hiyo kila chembe inakurudishia mwanga usoni. Bahari nayo ina vumbi lake: mchanga uliotibuliwa na miguu ya wapiga mbizi, na vijidudu vinavyoelea. Flashi iliyo juu ya lenzi huvigeuza kuwa theluji. Dawa yake ni mkono wa chuma au plastiki unaoitoa flashi pembeni, nyuma kidogo ya usawa wa lenzi, ikielekezwa nje badala ya kumlenga samaki moja kwa moja. Samaki anaguswa na ukingo wa mwanga. Maji yaliyo kati yake na lenzi yanabaki gizani. Picha zangu mbaya nyingi zimetokana na kusahau jambo hili moja.

Ndani ya kidude hicho kuna nini? Fikiria tangi linalojazwa na bomba jembamba usiku kucha, kisha linamwagwa lote kwa mpigo. Betri ndogo, mbili au nne za rimoti, zinajaza kapasita polepole hadi volti kama 300. Ukibonyeza, umeme wote unapita kwenye mrija wenye gesi ya zenoni kwa muda usiofika hata kufumba jicho. Kwa sababu hiyo usiifungue mwenyewe: kapasita inaweza kukupiga hata flashi ikiwa imezimwa. Haikuwa hivi tangu mwanzo. Mwaka 1926 William Longley na Charles Martin walipopiga picha za kwanza za rangi chini ya maji huko Florida, walilipua unga wa magnesiamu juu ya chelezo. Harold Edgerton wa MIT ndiye aliyeifanya flashi ya umeme kuwa chombo cha kazi, na miaka ya 1950 aliipeleka baharini pamoja na mtafiti wa bahari Jacques Cousteau. Mabaharia wa Cousteau wakamwita Papa Flash.

Flashi nyingi ndogo siku hizi haziunganishwi na kamera kwa umeme. Flashi ya kamera yenyewe inawaka ndani ya kasha, mwanga unapita kwenye waya wa nyuzi-mwanga, na ile ya nje inaitikia. Kasoro yake: kamera nyingi hutoa mmweko wa kupima kabla ya ule wa picha, na flashi rahisi hujibu ule wa kwanza. Picha inatoka nyeusi. Kabla ya kulipa, ijaribu na kamera yako.

Adui mkubwa kwa sisi wa Isiolo anaanzia nchi kavu: vumbi kwenye oringi. Oringi ni mpira mwembamba wa kuzuia maji, lakini ndio mlango wote. Flashi yangu ya kwanza ilikufa Watamu kwa unywele mmoja uliolala juu yake. Maji ya chumvi yalizifikia betri kabla sijafika mita 6. Siku hizi oringi naifuta chumbani, dirisha limefungwa, feni imezimwa, naipaka grisi ya silikoni kidogo tu, maana grisi nyingi hukusanya vumbi. Na ukitoka baharini, itumbukize flashi kwenye ndoo ya maji matamu kabla chumvi haijakauka.

Mwenye pesa ya flashi moja kubwa isiyo na mkono wa kuishikia, anunue ndogo, na chenji anunue mkono.