Kidole kikihama, usikubali kivutwe uwanjani

Jumapili mchana, ukipita kwenye uwanja wowote wa mpira hapa kwetu, unaweza kuona jambo hili: golikipa anaruka, balo inamupiga kwenye ncha ya kidole, anaanguka akikamata mukono. Wenzake wanamuzunguka. Mbele hata aseme neno, mumoja anakwisha kunyoosha mukono: "Leta nivute, kitarudi tu!"

Mimi pia nilivutwa hivyo, wakati nilikuwa kwenye masomo ya sekondari. Kidole kilinyooka, tukacheka, mchezo ukaendelea. Sikuenda kwa munganga. Leo, miaka 15 na zaidi imepita, kidole kile hakikunji mpaka mwisho, na asubuhi ya baridi kinauma nikikamata mikro.

Kwanza tuelewane juu ya maneno, sababu kwa kuongea tunachanganya. Mtu akisema "nimeteguka", mara nyingi ni nyuzi za kiungo tu zimevutika: kidole kinavimba, lakini kimebaki kwenye mustari wake. Kidole kilichohama ni mambo mengine. Mfupa umetoka fasi yake kwenye kiungo. Kimepinda upande ao kimepanda kama ngazi, hakikunji wala hakinyooki, na maumivu ni makali. Mara nyingi ni kiungo cha katikati. Shida ni kwamba kidole kilichovunjika kinaweza kufanana nacho kabisa, na wakati mwingine yote mawili yako pamoja. Kwa kujua vizuri lazima radio (naongea ile ya hospitali, ya kupiga picha ya mifupa, si hii yetu).

Ndiyo maana kuvuta ni hatari. Kama mfupa umevunjika, vipande vinaweza kusogea zaidi. Tena, kwenye kidole gumba ao kiungo cha chini, karibu na kiganja, nyama ya ndani inaweza kuingia katikati ya mifupa. Ukivuta ovyo inabanwa, na hapo inabaki njia ya kupasuliwa.

Sasa ufanye nini? Toa pete mbio, mbele kidole hakijavimba, kama sivyo itabidi ikatwe. Tafuta barafu kwa wenye furigo, ifunge ndani ya kitambaa, uweke dakika 10 mpaka 15. Kidole ukiache vile kilivyo, weka karto ngumu chini yake, funga polepole, na mukono ukae juu. Kisha uende kituo cha afya siku ile ile. Lakini kama kuna kidonda, ao kidole kimekuwa cheupe ao cha bluu, ao ukikigusa hakisikii, usingoje hata saa moja. Kidonda kifunike na kitambaa safi. Munganga ataangalia pia kama chanjo yako ya tetanosi ingali na nguvu.

Kule watachoma sindano ya ganzi, watakirudisha, kisha mara nyingi watakifunga pamoja na kidole jirani kwa sparadra. Wengi wanafikiri kukifunga miezi ndiyo kupona. Hapana. Kidole kikilala sana kinakauka, kwa hiyo uliza ni siku gani uanze kukikunja. Uvimbe wenyewe unaweza kubaki miezi, usiogope.

Wazee wanaounga mifupa vijijini ninawaheshimu, wengine wana mikono mizuri. Ila hawana macho ya kuona ndani ya nyama.

Najua pia kinachozuia watu: franga za picha. Hata kama hauna, uende tu, munganga apime damu kama inapita na kidole kama kinasikia. Sababu kidole kilichokaa nje ya kiungo wiki 3 ni vigumu sana kurudishwa kwa mikono, na operesheni inakula franga nyingi kupita ile picha.