Nani Ashikaye Ufunguo wa Seva Yenye Jina Lako?

Mwananchi anapofika kituoni kuripoti pikipiki iliyoibwa, habari zake huandikwa katika daftari la matukio na kupewa namba. Askari akikosea, hukata neno kwa mstari mmoja ili lile la awali lisomeke, kisha hutia sahihi. Haruhusiwi kuchana ukurasa.

Siku hizi habari nyingi za namna hiyo, pamoja na za vitambulisho, magari na wasafiri wapitao Busia, Mutukula au Katuna, huhifadhiwa katika seva, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine nyingi. Seva haina ukurasa wa kuchana. Basi ni haki ya mwananchi kuuliza: nani anayezuia jina langu lisiongezwe wala kufutwa kwa siri?

Kila seva ina mtumiaji mmoja mwenye mamlaka yote. Katika mifumo ya Linux huitwa root. Huyo hufungua faili yoyote, huibadili, huifuta, na aweza kufuta hata kumbukumbu ya matendo yake mwenyewe. Hatuwezi kumwondoa, kwa maana pasipo yeye seva haitengenezeki.

Kosa lililo la kawaida kuliko yote ni mafundi wanne kutumia neno moja la siri. Faili ikipotea, kumbukumbu itasema kwamba root ameifuta, na root si mtu. Hakuna wa kuhojiwa. Kwa hiyo kila fundi apewe akaunti kwa jina lake, isiyo na mamlaka makubwa. Akiyahitaji, huyaomba kwa kazi ile tu kupitia programu kama sudo, ambayo huandika ni nani, saa ngapi, na ametoa amri gani. Maandishi hayo hupelekwa papo hapo kwenye seva ya pili, ambayo fundi yule hana ufunguo wake, na mtu mwingine huyasoma. Sisi polisi tunaliona hili kuwa ndilo kubwa kuliko yote: atendaye asiwe mtunza daftari la matendo yake.

Saa nazo zina mitego yake, hasa kwetu mipakani. Ikiwa saa nne asubuhi Katuna, ng'ambo ya pili Gatuna ni saa tatu. Mkaguzi asiyelikumbuka hilo aweza kumshuku fundi asiye na hatia. Ndiyo maana seva zinazopelekeana habari hufuata saa moja ya rejea iitwayo UTC.

Iko hatari nyingine, ya ufunguo kubaki mikononi mwa mtu mmoja. Mwaka 2008 jiji la San Francisco, Marekani, lilifungiwa nje ya mtandao wake lenyewe. Mhandisi Terry Childs alikataa kuwapa wakubwa wake maneno ya siri. Mtandao uliendelea kufanya kazi, lakini kwa siku 12 jiji halikuweza kuusimamia, mpaka meya alipomfuata gerezani naye akamkabidhi. Mwaka 2010 alihukumiwa kifungo cha miaka 4. Dawa yake ingekuwa nyepesi: bahasha iliyofungwa kwa lakiri ndani ya kasha la chuma, isiyofunguliwa ila mbele ya watu wawili wanaotia sahihi.

Uhamisho pia usisahaulike. Askari au fundi akihamishwa leo, akaunti yake ifungwe leo.

Yote haya yanakuhusu wewe msafiri na mfanyabiashara. Akitokea mtu akakuambia kwamba kwa kiasi fulani cha fedha ataliondoa jina lako "kwenye kompyuta", ama anakudanganya, ama anakushirikisha katika kosa chini ya sheria ya Uganda ya mwaka 2011 juu ya matumizi mabaya ya kompyuta. Habari zako zikiwa na makosa, sheria ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data binafsi inakupa haki ya kuomba kuzijua na kuomba zisahihishwe, bila mlango wa nyuma. Aliyeombwa fedha na afike kwa afisa uhusiano wa kituo chochote akiwa na jina au namba ya mwombaji, mahali, siku na saa, na ataje kama ni saa ya upande huu wa mpaka au ule.