Vipepeo Baada ya Mvua

Mvua za masika zinaponyesha Ngerengere, watoto wetu hutoka na simu kupiga picha za maua yaliyolowa, kisha hurejea wakilalamika kuwa vipepeo hawapo. Tuwafunze subira: kipepeo hujibanza chini ya majani hadi jua limpashe moto mbawa, ndipo arudi kufyonza mbochi. Wala wasimshike, kwani vumbi libakilo vidoleni ni magamba ya mbawa yasiyoota tena.

Nasi wazazi tujihoji. Yule kiwavi wa mlimau, ambaye akiwa mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, nasi tukakimbilia kumnyunyizia dawa, ndiye kipepeo wa kesho. Tumwachie japo tawi moja. Malimau hayatakwisha, na watoto wataipata picha waliyoisubiri.