Oveni ya Umeme Katika Nyumba ya Zamani

Huko Miritini, upande wa bara wa Mombasa, kando ya barabara kuu iendayo Nairobi, ziko nyumba zilizojengwa miaka mingi kabla ya stesheni kubwa ya reli mpya kufunguliwa hapo mwaka 2017. Nyumba hizo zilipotiwa umeme, wenyewe walitaka taa mbili tatu, redio, na labda pasi. Siku hizi mama aliyezoea kuoka mkate wa sinia kwa kupalia makaa hununua oveni ya umeme, apate kuoka kwa wingi na kuwauzia majirani. Ni jambo jema. Lakini oveni yaweza kuwa mpya, na nyaya zilizomo ukutani zikawa kuukuu. Hapo ndipo penye hatari.

Kila waya una kiasi chake cha kuchukua umeme, na kiasi hicho hupimwa kwa ampea. Umeme wa majumbani katika Kenya ni wa volti 240. Mtu akitaka kujua chombo chake kinavuta ampea ngapi, na asome idadi ya wati iliyoandikwa juu yake, kisha aigawanye kwa 240. Taa ya wati 60 huvuta robo ya ampea tu. Oveni ya wati 3,000 huvuta ampea 12 na nusu, sawasawa na taa 50 za namna hiyo zikiwaka pamoja. Jiko kamili, lenye oveni na sahani nne za kupikia, laweza kufika wati 7,200, yaani ampea 30.

Tena ifahamike kwamba umeme upitao katika waya ukizidi mara mbili, joto la waya huzidi mara nne. Waya mwembamba uliowekwa kwa ajili ya taa, ukilazimishwa kulisha oveni, hupata moto. Ngozi yake ya mpira au plastiki huyeyuka au kupasuka. Nyaya mbili hugusana, cheche huruka, na boriti za dari hushika moto. Wenye nyumba hawana habari mpaka waone moshi.

Fyuzi imewekwa ili kuzuia msiba huo. Umeme ukizidi, fyuzi hukatika kabla waya haujaungua. Wako watu ambao fyuzi ikikatika mara kwa mara hufunga waya mnene mahali pake, wakafurahi kuwa sasa haikatiki tena. Huko si kutengeneza. Fyuzi haiwezi kukatika tena, basi kitakachoungua ni waya wa ukutani.

Jambo la pili ni waya wa ardhi, ambao mafundi huuita athi. Nyumba nyingine za zamani zina nyaya mbili tu, mmoja wa kuleta umeme na mmoja wa kuurudisha. Mwili wa oveni ni bati. Ikiwa waya wa ndani umekwaruzika na kugusa bati hilo, na waya wa ardhi haupo, mtu atakayeishika oveni, hasa akiwa miguu mitupu juu ya sakafu yenye maji, umeme utapita mwilini mwake na waweza kumwua. Waya wa ardhi ukiwapo, umeme hupata njia nyingine ya kwenda, na fyuzi hukatika.

Kwa hiyo oveni isiunganishwe na waya wa taa, wala isichomekwe pamoja na birika na pasi katika soketi moja ya kugawanya. Yapasa ipate njia yake yenyewe kutoka kwenye ubao wa fyuzi. Kwa jiko kamili, mafundi hutumia aghalabu waya wa shaba wa milimita 6 za mraba, swichi yake ya jikoni, na kikata umeme cha ampea 32. Swichi hiyo iwe karibu, mtu aifikie upesi, lakini isiwe juu ya jiko lenyewe, asije akapitisha mkono juu ya moto ili kuizima. Yafaa pia kuweka kile chombo kinachokata umeme mara moja unapovuja hata sehemu 30 katika 1,000 za ampea.

Wanunuao oveni zilizokwisha tumika ng'ambo na wasome kibandiko vizuri. Oveni ya volti 110 au 120, kama baadhi ya zile za Marekani, haifai kuunganishwa na umeme wa 240. Rangi za nyaya nazo zimebadilika: zamani waya wa kuleta umeme ulikuwa mwekundu, wa kurudisha mweusi, na wa ardhi kijani, sasa ni hudhurungi, buluu, na kijani chenye mistari ya manjano. Asiyejua tofauti hiyo aweza kuunganisha vibaya.

Ndiyo sababu kazi hii si ya kujaribia. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 yataka nyaya ziwekwe na fundi mwenye leseni, na leseni hiyo hutolewa na EPRA. Mwenye nyumba amwombe fundi aionyeshe, kisha azipime nyaya zote za zamani na waya wa ardhi kabla ya oveni kuwashwa. Mita yenyewe na lakiri zake zisiguswe. Hizo ni za Kenya Power.

Mwisho, soketi ikipata moto, ikitoa harufu ya plastiki iliyoungua, au taa zikififia oveni inapowashwa, umeme uzimwe kwenye swichi kubwa na fundi aitwe siku hiyo hiyo. Mtu akinaswa, asishikwe mpaka umeme ukatwe. Gharama ya waya mpya huonekana kubwa siku ya kuilipa, lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na aliyekufa hajengwi tena.