UTITIRI MWEKUNDU: ADUI WA CHAI WAKATI WA KIANGAZI



Mvua zikikatika, wakulima wa Mufindi, Njombe na Rungwe huona majani ya chai yaliyokomaa yakigeuka rangi. Yanakuwa mekundu kama shaba, halafu yanapukutika. Wengi husema, "Ni jua tu hilo." Pengine ni jua kweli. Lakini pengine ni utitiri mwekundu.

Utitiri ni nini?

Utitiri ni ndugu wa kupe na buibui. Una miguu 8. Ni mdogo mno, haufiki hata milimita moja. Unakaa juu ya jani lililokomaa, karibu na mshipa wa katikati, na kulifyonza. Hutaga mayai mekundu papo hapo. Wakati wa joto, yai huwa utitiri mkubwa kwa muda wa wiki mbili hivi. Ndiyo maana wachache wa leo ni maelfu baada ya miezi miwili.

Utitiri hupenda ukavu na vumbi. Kwa hiyo tazama kwanza miche iliyo kando ya barabara. Mvua kubwa huuosha na kuupunguza.

Utaujuaje?

Chukua karatasi nyeupe. Kung'uta majani yaliyokomaa juu yake. Ukiona vidoa vyekundu vinatembea, ni utitiri. Kiminye kimoja kwa kidole: kitaacha alama nyekundu. Ikiwa hakuna kinachotembea, huenda ni ukame, basi dawa ya nini?

Wadudu wengine

Vidukari hukaa kwenye machipukizi. Majani hujikunja na kunata, na sisimizi hufuata utamu huo. Mdudu aitwaye mbu wa chai hutoboa majani machanga na kuacha madoa ya kahawia. Utitiri mwekundu hushambulia hasa majani makubwa. Usiwachanganye, maana dawa ya mmoja si dawa ya mwingine.

Tufanyeje?

1. Kagua shamba kila wiki tangu mwezi wa Juni. Miche iliyoshambuliwa ifungie kamba ili uitambue.

2. Tandaza majani na matawi yaliyopogolewa chini ya miche. Unyevu utakaa, na mche usio na kiu hustahimili zaidi.

3. Palilia. Magugu hunyang'anya chai maji.

4. Chuma sehemu yenye utitiri mwisho, baada ya sehemu nzima. Utitiri huweza kubebwa na nguo na vikapu.

5. Miche ya kitaluni ioshe majani kwa maji.

Dawa iwe ya mwisho

Shambani mna askari wa bure. Wapo buibui, na wapo vidudu wenye mgongo wa mviringo kama kikombe kilichofunikwa. Hao hula utitiri. Ukinyunyiza dawa kali ya kuua kila mdudu, unawaua askari, na utitiri unabaki ukizaana bila mlinzi. Umelipa pesa ili kumwongeza adui!

Na kuna jambo kubwa zaidi. Mchicha tunauosha kabla ya kupika. Chai haioshwi. Majani mawili na chipukizi yanakwenda kiwandani, yanakaushwa, yanaingia kwenye birika. Sumu iliyobaki kwenye jani anainywa mtu, na huenda ni mtoto wako. Wanunuzi wa nje nao hupima. Wakikuta sumu, huikataa chai, na hasara inarudi kwetu sote.

Ikilazimu kutumia dawa, muulize kwanza bwana shamba au bibi shamba. Soma kibandiko: je, imeandikishwa kwa ajili ya utitiri wa chai? Usichume mpaka siku zilizoandikwa ziishe. Chupa ya zamani isiyo na kibandiko, usiiguse. Dawa ya dikofoli ilitumika miaka mingi kuua utitiri, lakini mwaka 2019 Mkataba wa Stockholm uliiweka katika orodha ya sumu za kukomeshwa duniani.

Kujua kusoma ni pamoja na kusoma kibandiko. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kujadili

1. Utatofautishaje utitiri na ukame?
2. Kwa nini dawa kali huweza kuongeza utitiri?
3. Katika kijiji chenu, ni mashamba gani yanapata vumbi zaidi?