Bastola ya kwanza haichaguliwi kwa sifa

Mwezi uliopita alinitembelea nyumbani mhandisi mmoja ambaye tumefahamiana tangu siku za ujana wetu. Alikuja na picha aliyoikata katika jarida la zamani, picha ya bastola. Mhandisi huyu yumo katika harakati za kuomba cheti cha kumiliki silaha kwa ajili ya mchezo wa kulenga shabaha, na alikuwa amekwisha kukata shauri. Aliitaka bastola ya muundo wa kale, ile nzito ya chuma kitupu na mpini wa mbao, ambayo Waamerika huiita kwa mwaka wake tu: 1911.

"Mwalimu," akaniambia, "hii ndiyo bastola. Hizi za siku hizi za plastiki ni kama vikombe vya pikiniki."

Nilicheka, lakini sikumwunga mkono papo hapo. Nilimwuliza amepata kuifyatua mara ngapi. Akanijibu kwamba hajapata kuishika.

Najua wapo wasomaji watakaokunja nyuso kwa kuona ukurasa huu ukizungumzia bastola kama mtu azungumziaye baiskeli. Siwalaumu. Katika nchi yetu bastola huijua mtu kwa habari za wizi na mauaji, hata jina Ceska limekuwa kama jina la jambazi. (Neno hilo, kwa hakika, halina hatia yoyote: ni kivumishi cha lugha ya Kicheki chenye maana ya "-a Kicheki", nalo ni sehemu ya kwanza ya jina la kiwanda, Česká zbrojovka.) Hata hivyo, wapo raia wanaoucheza mchezo huu chini ya sheria, nami ni mmoja wao siku za Jumamosi. Maadamu mchezo upo, ni heri wanaouingia wauingie wakiwa na akili zao.

Tena kosa la kuchagua si kosa jepesi. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, haimruhusu mtu kuwa na silaha bila cheti, na cheti chenyewe hakimpi mtu uhuru wa jumla wa kununua atakacho. Hutaja silaha hasa, na idadi ya risasi ambazo mwenye cheti anaruhusiwa kuzinunua na kuwa nazo. Kwa hiyo anayechagua bastola asiyoiweza hawezi kuirejesha dukani kama kiatu kinachobana. Ataishi nayo, na aghalabu ataiacha kashani ipate kutu, au, vibaya zaidi, ataitumia bila ya kuimudu.

Hebu tuitazame hiyo aliyoipenda mhandisi. Ilibuniwa na John Moses Browning, mzaliwa wa Ogden, Utah, na jeshi la Marekani likaikubali rasmi mwezi wa Machi 1911. Chanzo chake si cha kujivunia sana. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanajeshi wa Marekani walikuwa wakipigana na Wamoro, Waislamu wa kusini mwa Ufilipino waliokuwa wakilinda ardhi yao, wakaona kwamba bastola zao za kipimo cha .38 hazimwangushi mtu anayewajia kwa panga. Ndipo wakaitaka risasi nzito zaidi, ya kipenyo cha inchi 0.45. Bastola iliyotokana na haja hiyo ilidumu jeshini hadi 1985, ilipoteuliwa Beretta ya milimita 9 kuchukua nafasi yake. Leo muundo ule hauna mwenyewe, na viwanda vya nchi nyingi huuiga. Kimojawapo cha viwanda vikubwa vinavyouiga kiko Ufilipino kwenyewe. Historia ina mizaha yake.

Nayasema haya kwa kuwa sifa ya bastola hii ni sifa ya vita, na shabaha ya karatasi haihitaji kuangushwa. Risasi ya kawaida ya .45 ina uzito wa karibu gramu 15. Risasi ya kawaida ya .22 haifikii gramu 3. Tofauti hiyo yote humrudia mpigaji mkononi.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya, kwa sababu hizo hizo za mhandisi. Bastola yangu ya kwanza ilikuwa ya .45, nami nikiiona kama kilele cha uungwana. Katika wiki za mwanzo nilipiga vizuri kidogo kwa bahati ya mgeni. Kisha mkono ukajifunza jambo ambalo sikuufundisha: ukaanza kushtuka kabla ya mshindo. Kidole kilipoanza tu kukivuta kifyatulio, kiganja kilikaza na mtutu ukainama. Risasi zangu zikawa zinatua chini ya shabaha, upande wa kushoto, nami nikazidi kuvilaumu vilengeo. Mzee mmoja aliyekuwa akitufunza alinitegea. Alinipangia risasi katika magazini, akachanganya na maganda matupu yasiyo na baruti bila ya kunijulisha yako wapi. Nilipofika kwenye ganda la kwanza, bastola haikulia, lakini mkono wangu ulipiga kichwa chini kama mbuzi. Watu wakacheka. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuifuta tabia hiyo, na nilifaulu tu baada ya kuazima bastola ya .22 chini ya uangalizi wake pale pale kiwanjani.

Wanaoujua mchezo huu hawaoni haya kuanza na kipimo hicho kidogo. Katika mashindano ya kale ya Waamerika ya kulenga kwa mkono mmoja, yale yanayofanyika kila mwaka Camp Perry, Ohio, mshindani hupiga kwanza kwa .22 kabla ya kuingia vipimo vikubwa, na alama za .22 zina uzito sawa na za .45. Katika Olimpiki, bastola za mita 25 ni za .22. Duara la alama kumi katika shabaha ya mita 25 ya kupiga polepole lina kipenyo cha milimita 50 tu, na anayeweza kulipata mara kwa mara hana la kuthibitisha kwa ukubwa wa mshindo. Fauka ya hayo, risasi za .22 ni za bei nafuu kuliko zote. Mpigaji wa risasi mia mbili kwa mwezi atamwacha nyuma mpigaji wa risasi ishirini, hata huyu wa pili awe na silaha ya thamani mara tatu.

Je, basi mhandisi aitupe picha yake? La. Hapa ndipo nilipomshangaza, kwa kuwa nautetea muundo wa kale, na kwa sababu isiyohusiana na mbao za mpini.

Bastola nyingi za kisasa huficha viungo vyake. Nyundo yake, kile kijichuma kinachoigonga risasi, haionekani kabisa. Katika 1911 nyundo iko nje, nyuma, wazi kama ulimi. Ukiitazama tu utajua imelala au imesimama. Kitasa cha usalama kiko ubavuni, unakiona kama kiko juu au chini. Kipo kizuio cha pili nyuma ya mpini, kisichoachia mpaka kiganja kikibane. Mwanafunzi anayeweza kuisoma hali ya silaha yake kwa macho ana mwalimu wa pili mkononi. Kifyatulio nacho huenda nyuma kwa mstari ulionyooka, mwendo mfupi, usiobadilika kutoka risasi ya kwanza hadi ya mwisho.

Lakini kuna jambo moja ambalo jicho halilioni kwa nje, na hapo ndipo lugha inapoingia. Mtaniwia radhi, kila mtu huvutia kwake. Neno letu "risasi" tulilitoa katika Kiarabu, ambamo lina maana ya madini ya rasasi. Leo twalitumia kwa kipande kinachoruka, kwa ganda zima lenye baruti na kipande chake, na hata kwa mlio. Kwa kawaida hakuna madhara. Kiwanjani, hata hivyo, nimemsikia mtu akitangaza, "Nimetoa risasi," na alikuwa mkweli: alikuwa ameichomoa magazini na kuiweka mezani na risasi zake zote. Akaelekeza bastola kwenye kilima cha mchanga, akavuta kifyatulio ili kuilaza nyundo, ikalia. Risasi moja ilikuwa imebaki katika chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu. Kwa kuwa ilielekezwa mchangani hakuna aliyeumia. Lau angalikuwa ameielekeza kwenye zulia la nyumba ya ghorofa, ningekuwa naandika makala ya namna nyingine.

Bastola ya 1911 hufyatuka hata magazini ikiwa nje. Browning Hi-Power ya 1935, ambayo Browning aliianza na Mbelgiji Dieudonné Saive akaikamilisha baada ya kifo chake cha 1926, iliundwa isifyatuke bila magazini. Walenga shabaha wengi hawakipendi kizuio hicho kwa kuwa hukifanya kifyatulio kiwe kizito na cha kukwaruza. Sina ugomvi nao, mradi wasikitegemee chuma badala ya mazoea. Utaratibu ni kutoa magazini kwanza, kisha kukivuta nyuma chuma cha juu ili kilichomo chemba kitoke, kisha kuchungulia ndani na kupapasa kwa kidole. Ukiugeuza utaratibu huo, ukavuta chuma kabla ya kutoa magazini, utakuwa umetoa risasi moja na kuingiza nyingine. Ndiyo maana kiwanjani kwetu sasa hatusemi "nimetoa risasi". Twasema "magazini nje, chemba tupu", maneno mawili kwa mahali pawili. Na asiyependa neno la kigeni asinung'unike: magazini na hazina ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu, mmoja wao alizungukia Ulaya kabla ya kurudi nyumbani.

Turudi kwenye uchaguzi. Zipo bastola zenye umbo la 1911 zilizoundwa kwa risasi ya .22. Kampuni ya Colt ilitoa moja iitwayo Ace mnamo 1931 kwa ajili hii hii ya mazoezi, na mwaka 2011 kampuni ya Browning iliadhimisha karne moja ya muundo ule kwa kutoa 1911-22, ambayo ukubwa wake ni asilimia 85 ya mama yake. Hiyo yafaa wenye viganja vidogo, lakini mwenye kiganja kama cha mhandisi, kinachoweza kubeba fenesi, ataiona kama kitu cha mtoto. Ruger ya 1949, yenye mtutu mwembamba na mpini ulioinama unaokumbusha Luger ya Wajerumani, hulenga vizuri na ni ngumu kuvunjika. Kasoro yake kwa hoja yangu ni kwamba nyundo yake imefichwa ndani. Na kuna CZ 75, ya kiwanda kile kile cha Kicheki tulichokitaja, iliyoanza 1975. Ina nyundo ya nje na mpini unaoingia kiganjani kama ulivyochongwa kwa ajili yako, na kiwanda kimeiundia sehemu ya juu ya .22 iitwayo Kadet. Mpini na kifyatulio vinabaki vile vile, kinachobadilika ni mtutu na risasi. Anayetaka njia hiyo na aulize mapema jinsi vipimo vyote viwili vitakavyoandikwa katika cheti.

Luger halisi ya enzi ya Kaisari, au 1911 iliyoponea vita, mwachie mkusanyaji wa vitu vya kale. Chuma kimechoka, vipuri ni haba, na vilengeo vya zama zile ni vidogo kama punje za mtama. Jicho lililopita miaka arobaini haliwezi kulitazama shina la mtama na bado likaona shabaha. Iliyoundwa karibuni kwa muundo wa kale, yenye vilengeo vinavyorekebishika, ina faida zote za ukale bila ya maradhi yake.

Mwenye mkono wa kushoto asisahau kuuliza kama kitasa cha usalama kiko pande zote mbili, kwani Browning aliwafikiria wa kulia. Mkono wa kushoto wenyewe si kilema. Károly Takács, mwanajeshi wa Hungaria, aliharibiwa mkono wa kulia na guruneti mwaka 1938. Alijifunza upya kwa wa kushoto, akashinda dhahabu ya Olimpiki London 1948 na tena Helsinki 1952.

Jumamosi mbili zilizopita nilimpeleka mhandisi kiwanjani. Chini ya macho ya mwalimu alipiga risasi kumi za .45, kisha hamsini za .22. Karatasi ya kwanza ilikuwa na matundu manne, yote chini, upande wa kushoto. Ya pili aliikunja akaitia mfukoni. Tulipokuwa tukirudi aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayejisemea, kama ile Kadet huja na vilengeo vinavyorekebishika. Nikamwambia huja navyo.