Askari wa Damu na Kadi ya Chanjo

Mwezi huu tuongee kuhusu chembechembe nyeupe za damu. Hizi ni askari wa mwili, zinatengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Nyingine zinameza vijidudu palepale vinapoingia. Usaha wa kidonda una maiti za askari hao. Nyingine zinatengeneza silaha za kupigana na ugonjwa fulani, kisha zinaukumbuka kwa miaka mingi.

Surua ni mbaya kwa sababu inaua nyingi kati ya hizo zinazokumbuka. Mtoto akipona, kwa miezi, hata miaka, anaweza kushikwa kwa urahisi na kuhara au homa ya mapafu. Chanjo inawafundisha askari bila kumpa mtoto ugonjwa wenyewe.

Wazazi wengine wanaogopa kwenda kliniki kwa sababu kadi ilipotea njiani tulipokimbia. Nendeni tu! Kurudia chanjo ya surua hakumdhuru mtoto. Sindano ya kwanza ni akifikisha miezi 9, na ya pili isiachwe. Siku 7 hadi 12 baadaye anaweza kupata joto kidogo: askari wanajifunza. Likizidi au lisipoisha, mpelekeni kwa muuguzi.